Nilichomficha Mzee Masanja Asubuhi ya Kura za Maoni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hadi leo sijaisahau, nayo ni siku ya kura za maoni za chama katika kata yetu, nilipokuwa mjumbe kwa mara ya kwanza. Nimesikia na wewe sasa ni mjumbe, na kwamba diwani aliyepo anarudi kugombea na wiki hii anapita nyumba kwa nyumba. Basi kaa nikueleze kabla hajafika kwako.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, sina hata unywele mmoja mweupe. Diwani wetu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mpole mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Wazazi wangu walipohamia huku kutoka Bukoba, yeye ndiye aliyewaonyesha mahali pa kujenga, na baba alipofariki alisimama msibani kama ndugu wa damu. Nilimwita baba bila kujilazimisha. Nilimpenda sana mzee yule.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Akina mama waliouza dagaa kando ya barabara ya kwenda Kisesa aliwahamishia soko jipya, ndani huko, ambako msafiri hafiki. Aliahidi kurudi kuwasikiliza, hakurudi. Wakakasirika, na hasira ikaingia majumbani, kwa waume na wakwe, mpaka kwetu sisi wajumbe. Lakini unatujua watu wa huku. Mgeni akifika mlangoni hatumnyimi neno zuri, hata kama hatumtaki. Mzee Masanja alipita kwa kila mjumbe, akapewa kiti, akapewa maziwa, na kila mmoja akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, tuko na wewe." Akishatoka, wanaanza kumsema.

Asubuhi ya kura akaja kwangu. Nilipiga goti nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Hakutaka kukaa. Alikuwa ameshika kofia mkononi, anaizungusha. "Wote wananiambia mambo ni mazuri, lakini moyo wangu hautulii. Wewe ni mwanangu. Hebu niambie, watu wanasemaje?"

Jibu lote nilikuwa nalo kooni. Nilijua hata nyumba zilizompinga, moja baada ya nyingine. Nikamtazama usoni nikaogopa. Niliogopa kumuumiza na, nisikufiche, niliogopa zaidi kwamba ataniona mimi ndiye adui yake. Nikasema, "Baba, usiwe na wasiwasi." Akanishukuru akaenda zake. Chai yangu siku hiyo ilinishinda kunywa.

Ukumbini wagombea walipewa dakika chache za kujieleza. Mpinzani wake, kijana mmoja fundi wa baiskeli, alizungumzia dagaa wa akina mama mwanzo hadi mwisho. Kisha akasimama Mzee Masanja. Akatushukuru kwa kuwa na imani naye, akataja zahanati, akataja madawati ya shule. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, namwombea kimoyomoyo aguse habari ya soko, aseme hata neno moja. Hakusema. Angesemaje, na sisi tulishamwambia hakuna tatizo? Akarudi kukaa anatabasamu, na tabasamu lile lilinitia hofu kuliko kitu chochote.

Kura zilihesabiwa mbele yetu, karatasi moja moja ikiinuliwa juu. Likasomwa jina la yule kijana, likasomwa tena, na tena, mpaka nikaacha kuhesabu. Katika ukumbi mzima wa wajumbe, Mzee Masanja alipata kura saba. Aligeuka akatutazama taratibu, mstari kwa mstari, na watu wakainama kama wanaotafuta kitu sakafuni.

Nilimkimbilia nje. Nikamwambia nimempigia kura mimi, naapa, katika zile saba mojawapo ni yangu.

"Najua, mwalimu," alisema, bila ukali wowote. "Lakini asubuhi sikuja kwako kuomba kura. Kushindwa si neno, wapo wengi walioshindwa. Ungeniambia, ningesimama mle ndani nikawaomba radhi wale akina mama. Sasa nimewashukuru watu niliowakosea, nao wameona nawadharau."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulisalimiana vizuri, tulizikiana, tulialikana harusini. Ila hakuniuliza tena jambo lolote.

Ndiyo maana nimekuita, mwanangu. Diwani wako akija, mkaribishe, mpe kiti. Kura yako ni siri yako, hulazimiki kumtajia. Lakini akikuuliza watu wanasemaje, mwambie wanachosema, kwa adabu na kwa sauti ya chini, angali ana muda wa kurekebisha. Usimwache akayasikie ukumbini. Huenda akakasirika. Huenda na wewe ukaogopa kama mimi, na mimi mwenyewe hapa nilipo sina amani mpaka nisikie umefanyaje. Mwambie hivyo hivyo unaogopa. Huruma niliyomwonea mimi haikumsaidia mtu, ilinisaidia mimi kupita asubuhi moja.

Mungu akupe ulimi wa adabu, akuondolee hofu ya uso wa mtu unayempenda. Na yeyote atakayekuja kukuuliza leo, Mungu ajalie arudi kukuuliza tena.