Mistari Mitano Mguuni mwa Shangazi

Tulipofika Bukavu, mguu wa shangazi Nabintu ulikuwa na mistari minne ya kalamu, na kando ya kila mstari saa yake. Miwili niliichora mimi.

Nilitoka Muhumba, mtaa wangu wa Bukavu, Ijumaa kwenda kijijini Bunyakiri kwa ubatizo wa mjukuu wa shangazi. Jumamosi, saa moja asubuhi, alishuka shambani kung'oa mihogo ya karamu, nyoka akamuuma karibu na vidole vya mguu wa kushoto. Hakuna aliyemwona vizuri huyo nyoka.

Saa mbili, kituo cha afya. Tonton Bahati, mumewe, alikuwa ameshabandika jiwe jeusi kwenye jeraha, lile linalosemwa hunyonya sumu na kuanguka lenyewe likishiba. Muuguzi alisema seramu, dawa ya sumu ya nyoka, hana, iko Bukavu. Tonton alikataa kuondoka.

"Jiwe haiyaanguka bado," alisema.

Muuguzi hakubishana. Alichora mstari pale uvimbe ulipoishia, juu ya kifundo, akaandika saa. "Papa, angalia huu mustari. Uvimbe ikipita hapa, jiwe haiko inafanya kazi."

Saa tatu uvimbe ulikuwa umeupita. Muuguzi akachora wa pili, akanipa kalamu, akanionya tusimfunge kamba wala kumkanda. Tonton mwenyewe ndiye aliyekwenda kutafuta gari.

Saa tano, njia ya msituni, matope hadi nusu ya magurudumu. Nilichora wa tatu, nikaandika saa yake kama kwenye daftari.

"Chora polepole," shangazi alisema. "Mguu yangu haiko kaye ya masomo."

Tulicheka. Alipocheka niliona damu kwenye ufizi wake.

Saa sita, mji mdogo wa Miti. Jiwe lilianguka. Tonton aliliokota sakafuni, akalifuta kwa shati, akamwambia dereva ageuze. "Imeshiba. Sumu imeisha. Turudie nyumbani."

Dereva alipunguza mwendo. Tonton alitaka sana mkewe awe amepona. Nilifunua kitenge kilichofunika mguu. Uvimbe ulikuwa umepita mstari wangu kwa vidole vitatu. Nikachora wa nne mbele ya macho yake. Aliutazama, akatia jiwe mfukoni.

"Endesha," akamwambia dereva.

Saa saba na nusu, hospitali. Daktari alitia damu ya shangazi katika kichupa cha kioo, akaiacha dakika ishirini, akakiinamisha. Damu ilitiririka kama maji, haikuganda: sumu ilikuwa bado inafanya kazi. Akatundika seramu, akachora mstari wa tano chini ya goti.

Jumapili asubuhi damu iliganda, na uvimbe haukuwa umeuvuka mstari huo. Tonton anasema jiwe na seramu vilisaidiana. Sikumbishia. Nimejifunza kwa yule muuguzi: hakumnyang'anya jiwe lake, alimpa kitu cha kutazama.

Mchana nilirudi Muhumba kwa miguu, kalamu bado mfukoni. Vidole viwili vya mguu wa shangazi ni vyeusi. Nilipovigusa kabla ya kuondoka, aliniuliza kama nimeshaanza kuvigusa; hakuhisi kitu. Daktari amesema tungoje kuona kama vitapona. Hapo hajachora mstari.