Nguzo Nne za Zahanati

Mwaka wangu wa kwanza Ifakara nilikuwa fundi wa maabara peke yangu, ndani ya kontena lenye feni moja. Kazi yangu ilikuwa kuvunja zege. Mafundi walipomwaga nguzo, walijaza zege lile lile kwenye viboksi vya chuma. Vipande vikishalowekwa siku ishirini na nane, mimi nilivikandamiza kwa mashine mpaka vipasuke, nikaandika vimebeba mzigo kiasi gani.

Vipande vya zahanati moja ya bondeni vilipasuka mapema mno. Nikaandika nilichokiona, na mhandisi akaamuru nguzo nne zibomolewe. Fundi aliyezijenga, Mndamba, mwenyeji wa bonde hilo, mwenye umri wa baba yangu, alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu, zege lile nilisimamia mwenyewe. Mchanga tuliuosha. Hebu angalia tena."

"Mashine haina upendeleo, baba," nikamjibu. Nilijivunia jibu hilo.

Aliondolewa kazini. Watu wakasema aliiba saruji.

Mwezi uliofuata alikuja fundi mzoefu kutoka Morogoro kukagua mashine. Akanitazama nikiweka kipande kwenye mashine.

"Unakiweka hivyo siku zote?"

"Ndiyo."

"Huu upande wa juu, uliosawazishwa kwa mwiko, una vilima. Ukigusa sahani ya mashine, vilima ndivyo vinavyobeba mzigo wote, kipande kinapasuka kabla ya wakati wake. Kilaze ubavu."

Vipande vitatu vya akiba vya zahanati ile vilikuwa bado majini. Tukavilaza ubavu. Vyote vilifaulu, hata tulipoondoa kwenye hesabu nguvu ambayo zege huongeza kwa kukaa muda mrefu.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia mhandisi barua kueleza kosa langu. Alijibu kwamba nguzo mpya zimeshasimama, suala limefungwa.

Nikaenda Lipangalala, nyumbani kwa fundi aliyeondolewa kazini. Nilimkuta yule baba na mkewe wakianika mpunga uani. Nikawaeleza yote nikiwa nimesimama. Yeye aliendelea kusambaza mpunga kwa mguu. Mkewe ndiye aliyesema.

"Mwanetu wa mwisho, shuleni wanamwita mtoto wa mwizi."

"Nifanye nini, mama?"

Akamtazama mumewe. Hatimaye mzee akasema, "Jumapili uje kanisani kwetu. Hayo uliyosema hapa, ukayaseme kule."

Nilikwenda. Baada ya ibada katekista aliniita mbele, nikasema kosa lilikuwa langu, zege la baba huyu lilikuwa zima. Wengine waliguna. Mama mmoja aliuliza kama hizo nguzo mpya nazo nilizipima hivyo hivyo, nikasema hapana, vipande vyake nimevilaza ubavu. Sijui kama aliniamini.

Mzee hakurudi kwenye ujenzi, ingawa aliitwa. Analima mpunga. Tukikutana sokoni namwamkia, anaitikia bila kusimama. Mkewe husimama, huniuliza hali ya nyumbani, kisha humfuata.