Mama mkwe kaingia kwenye ndoo zangu za maua

Nina hasira mpaka simu naibonyeza kwa ngumi!

Mnayajua maua yangu ya kwenye ndoo hapa Kibimba mpakani. Ndoo nilizitoboa chini, nikapanda kabla ya mvua, yakachanua mpaka nyuki wa Burundi wakavuka mpaka kuyafuata. Bisheni!

Yalikuwa ya harusi ya mpwa wangu, Jumamosi hii.

Leo natoka sokoni, namkuta mama mkwe kayang'oa yote, kawapa mbuzi. Ndoo zote kapanda maharage!

"Mkwe wangu, mvua yote hii, udongo mzuri hivi unauachia majani yasiyolika?"

Mama mkwe hagombezwi, jamani. Nikainama: "Asante sana, mama."

Hasira nimekuja kuimalizia huku kundini.

Bibi harusi atashika nini, kisamvu? Mwenye maua aseme, hata kule mbali Murusagamba, na barabara ile mbovu, nayafuata!