Gauni la Mkono Mmoja

Fundi alikuwa anasoma chuo mguu ukiwa kwenye cherehani. Simu aliiegemeza kwenye kopo la vifungo, mhadhiri akaongea, naye huku anakunja pindo. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwaka wa pili wa ualimu wa chekechea, masomo ya masafa marefu. Darasani walikuwa mia na ushee, na hakuwahi kupeana mkono na yeyote ila Kidoti, binti wa mtaa wa pili, aliyekuwa anashonewa gauni la zambarau.

Jumatano ile picha ikaingia kwenye kundi la darasa. Fundi amesinzia juu ya cherehani, mdomo wazi, futi kamba shingoni, kipande cha uzi kimening'inia kwenye mdomo wa chini. Wameigeuza stika na kuiandika "Bibi Uzi". Mtu akiuliza mtihani lini, anajibiwa kwa Bibi Uzi. Akisema bando limeisha, Bibi Uzi. Mmoja akatangaza kafiwa na baba yake, na katikati ya pole akapachikwa Bibi Uzi, na watu kumi na wanane wakacheka. Fundi alihesabu. Ilikuwa kama kufunua chungu na kukuta funza.

Alijilaumu mwenyewe. Alidhani alisahau kuzima kamera wakati wa kipindi, akalala mbele ya watu.

"Mama, wapuuze," Kidoti alimwambia kwenye simu. "Hawana adabu hao. Jumamosi usihangaike kujianika tena. Sema mtandao umekata."

Lakini Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kufundisha somo la majaribio, uso uonekane. Asiyeonekana anapata sifuri na kurudia mwaka mzima. Fundi akamwambia mumewe kwamba anaacha chuo.

Mumewe, mchomeleaji wa mageti, aliichukua simu akaisogeza mbali na macho. "Nionyeshe kwanza huo uchafu." Akaitazama. "Mke wangu, simu si hii hapa?"

"Ipi?"

"Hii kwenye picha. Imekaa kwenye kopo lako la vifungo. Sasa itajipigaje?"

Fundi akaikuza picha. Kweli, simu yake ilikuwa pale, kioo cheusi. Na nyuma, kwenye msumari, lilining'inia gauni la zambarau lenye mkono mmoja. Mkono ule aliupachika Jumanne asubuhi, na Jumanne hakukuwa na kipindi. Jumanne alikuja Kidoti peke yake, kujaribisha gauni. Aliporudi nyuma ya pazia kulivua ili alitundike msumarini, Fundi akapitiwa na usingizi. Akaja kuamshwa kwa kuguswa bega taratibu. "Mama, umechoka mno, kunywa maji." Naye akayanywa yote, akamwombea dua.

Yale maji ndiyo yaliyomkirihi kuliko picha.

Jumamosi alioga mapema, akaomba Mungu amlindie ulimi, akawasha kamera. Gauni aliliacha pale pale msumarini, nyuma ya kichwa chake, mkono mmoja ukining'inia. Akafundisha namna ya kumzoesha mtoto mkasi: kidole gumba juu, na ukimpa mwenzio, unashika wewe upande wenye makali, yeye unampa mpini. Kidoti alikuwa anatabasamu kwenye kidirisha chake. Macho yake yakatua kwenye gauni, kidirisha kikawa cheusi.

"Umefaulu vizuri, mama," mhadhiri alisema.

Kabla kipindi hakijaisha, kundini stika ilishatumwa mara nne.

Jumatatu Kidoti akaja, akasimama mlangoni anachezea ufunguo.

"Mama, ulikuwa utani tu. Niliwatumia wawili, wao ndio wakaisambaza."

"Ulinipa maji."

"Maji gani?"

"Ulipomaliza kunipiga picha. Ulinipa maji nikanywa, ukanishika bega."

Kidoti akatazama viatu vyake. "Si nimeshasema samahani."

"Hujasema, mwanangu. Ndiyo kwanza unalitaja hilo neno."

Akamkabidhi gauni limekunjwa, mikono yote miwili ipo, mishono imenyooka. Mumewe alimshauri alirudishe vile vile na mkono mmoja. Fundi alikataa, kwa kuwa kazi ya mikono yake ataulizwa yeye mbele ya Mungu. Kidoti akaligeuza geuza kutafuta kasoro, au pengine kukwepa macho, akaondoka.

Fundi aliomba Mungu ampe kusamehe. Maneno yalitoka mdomoni. Moyoni hayakuwa yamefika. Akaichukua ile bilauri ya maji ya Jumanne, akaisugua kwa sabuni mara mbili, akaifunika kifudifudi, kisha akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Kipindi kilikuwa kinaanza.