Tundu la Moshi la Fernande

Mpaka leo sielewi watu wazima watano tuliwezaje kusahau tundu moja la moshi. Jiko la kuni lilisimama jikoni kwa jirani yangu Fernande Beaulac miaka thelathini. Mimi mwenyewe nimekaa mbele yake nikinywa kahawa na kukausha soksi zangu. Lakini siku ya tatu ya mvua ile ya barafu tulisimama mbele ya ukuta kama wageni.

Mwaka wa 1994 Fernande alichoka na majivu, akataka mambo ya kisasa. Alimwamuru mumewe, Ovila, aweke hita za umeme, atoe jiko, azibe tundu la dohani kwa matofali na saruji, kisha abandike karatasi mpya ya maua ukuta mzima. Yeye akaenda zake kwa dada yake mjini Sherbrooke asione vumbi. Jiko akapewa Donat, jirani wa ng'ambo ya shamba, alitie kwenye kibanda chake cha kupikia sharubati ya utomvu wa miti. Ovila alinung'unika miaka miwili, kisha akafa. "Amekufa ana kinyongo nami kwa ajili ya chuma," Fernande aliniambia mara nyingi, na hilo lilimuumiza.

Ikaja Januari ya 1998. Mvua ilinyesha na kuganda pale pale ilipoangukia. Nyaya zilikatika, miti ikaziba barabara, hita zikawa mapambo. Chumbani alilala Manon, binti wa Fernande, aliyejifungua kwa shida siku nne kabla, hawezi hata kusimama sawasawa. Asubuhi ile kichanga kilikuwa na pua ya baridi na kilikuwa kimeacha kulia. Kile kimya kilinitisha.

"Tumpeleke kwangu," nikasema. "Mimi jiko ninalo."

"Kutoka kwako mpaka hapa umeanguka mara ngapi?" Donat, aliyekuwa amekuja kututazama, akaniuliza.

"Tatu."

"Basi! Heri tulirudishe hapa jiko la kibandani. Jiko likianguka tunaliokota. Mtoto je?"

Donat na kaka yake Armand wakalikokota jiko kutoka kibandani kwa kamba, juu ya mbao za kuteleza, wakitukana njia nzima. Walipolifikisha jikoni, Donat akajifuta jasho. "Haya, Mama Manon, tundu liko wapi?"

"Si hapo nyuma ya kalenda!"

"Acha hizo. Bomba la jiko nililiunganisha mimi. Lilikuwa karibu na friji."

"Wakati huo friji ilikuwa hapo, we mzee?"

Mimi niliapa ni karibu na dirisha. Manon akapaza sauti kutoka kitandani: "Juu ya saa!" Lakini saa ilishahamia sebuleni. Armand akatoka kuitazama dohani juu ya paa, akarudi akinyoosha mkono kushoto, akageuka, akaunyoosha kulia. "Nje nilikuwa najua," akasema. "Humu ndani mmenivuruga."

Tukagonga ukuta kwa vijiko. Kila mahali palilia vilevile. Nilichanganyikiwa hadi nikaanza kujiuliza kama jiko liliwahi kuwapo kweli.

Donat akaweka nyundo chini. "Na tukilipata? Saruji ya Ovila mnaijua. Kuivunja ni kazi ya kutwa."

Fernande akaketi. "Ni mimi niliyemlazimisha. Mjukuu wangu anaganda kwa ukaidi wangu." Akalia mbele yetu sote.

Armand, asiyejua la kufanya mbele ya machozi, aliegemea ukuta. Kiwiko chake kikabonyeza karatasi ya maua, bati likalia ndani. Tukaichana karatasi. Hapakuwa na tofali wala saruji. Palikuwa na sahani ya bati ya kuokea pai, imeshikwa kwa misumari minne, na nyuma yake limesokomezwa sweta jekundu. Donat akalivuta, akaingiza kichwa na tochi.

"Dohani imesafishwa kwa brashi mpaka juu," akasema. "Mama Manon, huyu mtu hakuziba kitu."

Sweta lile Fernande alilifuma kwa mkono wake. Alimgombeza Ovila majira mazima ya baridi kwa kulipoteza.

"Nilimuuliza," akasema, sweta likimwaga masizi mapajani pake. "Nikamuuliza, umeziba? Akaniambia, nimeziba, mke wangu. Macho makavu!" Hakujua acheke au akasirike, nasi hatukujua tutazame wapi.

Tuliunganisha bomba, tukawasha moto, tukamburuta Manon na godoro lake hadi jikoni. Joto lilipomfikia mtoto, alipiga yowe la hasira, nasi tukamshangilia. Fernande alikuwa ameshalivaa sweta bila hata kulikung'uta.

"Mwongo we," alisema, uso wake umelielekea jiko. "Mwongo mkubwa we." Akaongeza gogo jingine.