Kiti cha Nyuma ya Neema

Leo kliniki nimeambiwa nihame kiti. Kiti tu.

Mnamjua Neema wangu, ana miaka sita. Ndani ya sikio alipandikizwa waya mwembamba wa kumsaidia kusikia, wenye elektrodi ndogondogo, kila moja inampa sauti yake. Asubuhi tumetoka Buswelu kwenda kuzipima.

Kipimo chenyewe ni maharage. Mtaalamu anabonyeza kompyuta, Neema akisikia mlio anadondosha harage kwenye kikombe. Mimi nimekaa mbele ya Neema, naona kila kidole cha mtaalamu kinapobonyeza.

Kadondosha yote. Nikafurahi, jamani.

Mtaalamu kaangalia skrini, kanigeukia mimi. Halafu taratibu, "Mama Neema, hebu njoo ukae huku nyuma yake."

Nikahama.

Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Neema kashika harage lake, anageuza shingo kunitafuta.

"Alikuwa anafuata uso wako," akaniambia. "Nikibonyeza, unainua nyusi."

Mimi? Wala sikujua.

"Kwa hiyo hasikii?"

"Baadhi ya elektrodi haziitiki. Mara iliyopita ilikuwa moja. Kesho mrudi apigwe picha, tuone waya umekaaje."

Waliopitia haya, niambieni. Zikianza kuzimika, huwa zinaishia wapi?

Sasa hivi tuko nyumbani. Neema ananisaidia kuchambua maharage ya jioni.

Kila akitupa moja kwenye sufuria, ananitazama usoni.