Mama Mkwe Hayumo Kwenye Filamu

Mnyonya damu nampa alama mbili kwa kumi, na moja kati ya hizo ni ya koti lake. Mtu ana ngome nzima, ana farasi, ana uzoefu wa miaka mia tatu, halafu kazi yake ni kusimama dirishani kwa watu akisubiri akaribishwe ndani. Kwetu Tandika mgeni wa namna hiyo angepewa kigoda na chai ya rangi, angeulizwa habari za nyumbani, za safari, za wazazi na za mifugo, mpaka jua limkute hapo hapo barazani aungue.

Maneno hayo niliyarekodi kwenye simu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za daraja la waendao kwa miguu, mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, huku China, nikamtumia dada mmoja wa Mombasa aliyepanga hoteli upande wa pili wa barabara. Ndivyo nilivyoanza uhakiki wa filamu za kutisha, nikiwa na miaka arobaini na minne na cheti cha kidato cha nne ambacho sikumbuki nilikiacha nchi gani.

Guangzhou nilikuja kwa wiki tatu. Nilitokea Dubai, nilikokwenda kwa wiki mbili, na Dubai nilitokea Nairobi, nilikokwenda kwa harusi ya siku moja. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Kazi yangu ni kuwazungusha wageni masokoni: nawaonyesha jengo, nawaombea bei, nawabebea chupa ya maji. Dada huyu alikuwa mgeni wangu wa kila mwaka. Kwa kawaida tulikwenda soko la Zhanxi kwenye viatu, tukasukumana na mikokoteni kutwa nzima, akarudi kwao.

Mwaka huu viatu vilikuwa vimemlalia dukani. Mteja wake mmoja wa Nairobi, mwenye duka la mapambo ya sherehe, akamwambia: niletee sura za mpira za kuvaa, za ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo watu hujigeuza mizimu. Ila zisiwe sura za hivi hivi. Nataka mazimwi ya zamani, yale ya filamu. Dada akaubeba mtaji wote uliobaki akapanda ndege. Mzigo ulitakiwa utoke kwa ndege Ijumaa ile. Ungepita bandari ya Huangpu kwa meli, ungefika watu wameshaanza kutafuta ndevu za pamba za Krismasi.

"Mimi filamu hizo sizijui," aliniambia Jumatatu tukinywa supu. "Nikiona damu nazima televisheni. Wewe wazijua?"

"Nazijua zote."

"Zote?"

"Dada, nimelelewa nazo."

Sikusema uongo, kwa kadiri nilivyojua wakati ule. Nilipokuwa mdogo mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, banda la mabati la kuonyeshea video, benchi za mbao, joto la kuchemshia maharage. Mwenye banda alikuwa fundi baiskeli. Jioni alinawa grisi, akakaa juu ya kreti la soda kando ya televisheni, akapunguza sauti ya filamu mpaka ikazimika kabisa, akashika maiki akatutafsiria. Alikuwa sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya mbwa na ya mlango. Mtu akinyongwa, yeye alinyongwa. Mvua ikinyesha kwenye filamu, alitukumbusha kuanua nguo. Humo ndimo nilimozionea filamu za kutisha za Wazungu, moja baada ya nyingine, na tangu nihame Tandika sikuwahi kurudia hata moja. Sikuona haja, maana nilikuwa nazo kichwani.

Tukakubaliana kwamba nitamhakikia filamu moja moja kwa ujumbe wa sauti, naye atachagua sura za kununua. Kipimo changu kilikuwa kimoja: ukishaitazama, utakubali kwenda choo cha uani peke yako?

Mtu anayegeuka mbwamwitu nilimpa tano. Anatisha kwenye kugeuka, lakini baada ya hapo ni mbwa tu. Halafu kila mwezi mpevu anapasua shati, na mkewe hasemi neno. Mke gani huyo asiyeuliza mashati yanakwenda wapi?

Maiti wa bandeji nilimpa tatu. Anatembea kama mtoto aliyetoka kutahiriwa juzi, na bado anawakamata watu wazima wenye viatu. Wanaokamatwa na maiti wa bandeji wamejitakia.

"Kaka, nacheka lakini sioni biashara," dada alijibu. "Nipe mmoja wa kutisha kweli."

Nikampa Mama Mkwe wa Kinamasi. Nilikaa kwenye ukingo wa maua nje ya hoteli yake, asubuhi ya Jumanne, nikasimulia dakika nane bila kupumzika. Bibi na bwana wanahamia nyumba iliyo pembezoni mwa kinamasi. Mama yake bwana alizama humo zamani, na hakuna aliyelia vya kutosha. Siku moja mlango unagongwa. Bibi anafungua. Amesimama mama mkwe, matope yanamchuruzika, jino moja mdomoni, bakuli tupu mkononi. Hapigi kelele wala hamkabi mtu koo. Anaangalia ndani, anamwona mwanawe mezani, anasema taratibu: "Mwanangu amekonda. Nani anampikia?"

Pale kibandani wanaume wazima waliacha kutafuna mihogo. Mama mmoja aliyekuja kumtafuta mumewe alisimama mlangoni, akasikia hilo neno, akaondoka bila mume. Kumi kwa kumi. Choo cha uani sikukiona kwa wiki nzima, na matokeo yake mama yangu anayajua.

Dada hakujibu kwa maneno. Alituma ujumbe wa sauti wa kicheko kitupu, mwisho wake akasema: "Huyo ndiye. Nitafutie huyo."

Tukaenda Yide, kwenye majengo ya vitu vya kuchezea na vya sikukuu. Hayo majengo yana kila sura ambayo Mungu hakuiumba. Mafuvu yananing'inia kama vitunguu, maboga yanatabasamu, mikono iliyokatwa inauzwa kwa dazeni. Mbwamwitu tulimkuta wa rangi nne. Mama mkwe hakuwepo. Nilimweleza kila laoban, kila bosi wa duka, kwa Kichina changu cha sokoni: mwanamke mzee, tope, jino moja, bakuli. Jibu lilikuwa neno lile lile, meiyou, hakuna, na wengine hawakuinua hata macho kutoka kwenye simu zao.

Jumanne ikaisha hivyo. Jumatano ikaisha hivyo, na mvua juu. Dada alikuwa ameacha kucheka.

"Una hakika, kaka?"

"Kama nilivyo na hakika na jina langu."

"Na jina lako wanalijua wapi hapa? Kesho ni Alhamisi. Keshokutwa kago yafunga."

Alhamisi mchana tulifika kwenye duka la mama mmoja wa makamo, ghorofa ya tatu, duka jembamba kama korido. Alikuwa amekaa kwenye kistuli akitafuna mbegu za alizeti chini ya kichwa cha zimwi lenye macho matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wenzake hawakulifanya. Kisha akaniambia nimwonyeshe picha, maana huenda kiwanda anachokijua kina kalibu yake ya kumiminia mpira.

Ombi la haki. Sikujua filamu inaitwaje kwa Kiingereza. Nikaandika kinamasi, nyumba, zamani, nikapekua picha mpaka nikaiona ile nyumba. Niliitambua hata ngazi yake. Nikakaa juu ya maboksi, nikaifungua, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaitazama filamu ile ikiwa na sauti. Kiingereza changu cha miaka tisa ya kubishana na watu wa mizigo kilinitosha.

Zimwi lilikuwa tope.

Tope lenyewe. Linapanda ngazi polepole, linameza kiti, linameza mbwa, mwishoni linameza bwana na bibi. Halina uso wala halisemi. Nikaelewa alichokumbana nacho yule fundi baiskeli juu ya kreti lake: umati umelipa kiingilio, maiki iko mkononi, na zimwi halina mdomo. Nikasogeza mbele mpaka mlango ukagongwa. Akasimama mwanamke mzee mwenye jino moja na bakuli, na matope ni ya viatuni tu kwa sababu nje mvua inanyesha. Akasema: nimewarudishia bakuli lenu, asanteni, supu ilikuwa nzuri. Akaondoka zake. Hatokei tena mpaka mwisho. Nilisubiri majina ya waigizaji nimtafute. Ameandikwa Jirani wa Pili. Hakuwa hata jirani wa kwanza.

Nikamfikiria yule mbwamwitu na mke wake mkimya, nikamfikiria maiti wa bandeji, nikajiuliza ni nani kati yao niliyemwona kweli. Utoto wangu wote wa filamu, kumbe nilikuwa namtazama fundi baiskeli.

Dada alikuwa anapima vichwa vya mpira kwa kuvivuta masikio. Nikamwambia. Nilijaribu kumwambia kwa kuzunguka, nikaona anakunja uso, nikanyoosha.

"Rudia," akasema.

"Hayumo. Yupo, lakini ni jirani. Amekuja kurudisha bakuli."

"Siku tatu watutembeza. Mvua yatupiga. Twamtafuta mama mkwe aliyezuliwa na fundi baiskeli?"

"Sikujua, dada yangu. Wallahi sikujua."

"Nazijua zote! Nimelelewa nazo!" Sauti yangu aliiiga vizuri kuliko ninavyoipenda. "Mimi nimefunga duka nimekuja huku na pesa yangu ya mwisho, nikatafute jirani!"

Mwenye duka alituangalia, akaongeza mbegu mdomoni. Dada akakaa kwenye boksi, akajifunika uso kwa mtandio, nisijue kama analia. Kisha akasimama, akaanza kushusha sura ukutani mwenyewe. Alivaa fuvu, akamgeukia mwenye duka. Mama wa watu akatema ganda. Alivaa mbwamwitu akanguruma, mama akaangalia saa. Alivaa lile la macho matatu, mama akamsogezea kioo, kwa adabu ya biashara.

"Huyu haogopi kitu," dada akasema akihema ndani ya mpira. "Amezoea."

Chini ya meza kulikuwa na boksi la vitu vya bei ya kutupa. Dada akalichokora, akatoa sura ya bibi kizee ya kuchezea vichekesho jukwaani: mikunjo, kitambaa cha kichwa, nywele za katani na, kwa bahati, meno mawili, moja limekatika. Akaivaa. Akachukua bakuli tupu la tambi alizokuwa amemaliza kula mwenye duka. Akatoka nje ya duka, akahesabu hatua, akarudi. Akagonga kioo cha mlango taratibu.

Kisha akainamisha kichwa upande, akaangalia ndani kana kwamba anamtafuta mtu, akasema kwa Kiswahili cha Mombasa, bila haraka:

"Mwanangu amekonda. Nani ampikia?"

Mwenye duka alisimama. Hakuamua kusimama, miguu ndiyo iliyosimama. Mbegu zikamwagika sakafuni, mkono mmoja ukashika meza. Halafu akacheka mpaka akajipiga mapaja, akanigeukia na kuniambia jambo kwa haraka.

"Asemaje?" dada akauliza.

Nikatafsiri, na safari hii nilitafsiri neno kwa neno. "Anasema umemwiga mama yake mume wake. Anasema mama huyo atakuja kwao Jumamosi."

Dada akavua ile sura. Jasho lilimtiririka, wanja umefika mashavuni. "Ajua Kiswahili?"

"Hata jambo hajui."

"Basi." Akaketi. "Muulize anazo ngapi, na kiwanda chaweza kuongeza ngapi kufikia kesho."

"Dada, subiri. Nairobi watauliza ametoka filamu gani."

"Watauliza, nawe utawajibu. Utanirekodia upya, polepole, ile ya mlango na bakuli. Wala usiwadanganye. Waambie filamu yenyewe ina tope, na huyu ameongezwa Tandika."

"Na zisipouzika?"

Nusu ya mzigo alichukua mama mkwe, nusu nyingine akagawa kati ya mbwamwitu na maiti wa bandeji, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara na mimi nilikuwa nimeshamfundisha kutoniamini. Ijumaa tuliwahi kago saa sita na robo. Kijana wa ofisi alifunga maboksi kwa mkanda wa gundi, akachukua kalamu ya wino mzito, akauliza ndani kuna nini. Dada alikuwa ameliwekea boksi la juu kiganja, kama mtu anayepima homa. Hakuwa na mzaha wowote usoni. "Sura za mpira," akasema, na akaendelea kulishika mpaka likapimwa.

Nikarekodi kama alivyotaka, tope na yote. Dada akarudi kwao. Oktoba ikapita, nikawazungusha Wakongo wawili na mwalimu mstaafu wa Tanga, na kila simu ikilia nilitazama kwanza kama ni yeye.

Ujumbe wake ulikuja wiki ya kwanza ya Novemba, nyuma yake kelele za dukani.

"Kaka, hujambo? Mama mkwe wameisha, wameisha kabla ya sikukuu yenyewe. Wake za watu ndio wanunuao, wawangoja waume mlangoni. Wale wengine ninao hapa, wananitazama tu. Sasa sikiliza. Mwakani, tafadhali, usinihakikie filamu yoyote uliyoitazama na sauti."